Dereva Anayetazama Bila Kuona

Kuanzia Januari 2026, Euro NCAP, shirika linalogongesha magari mapya ya Ulaya kwenye maabara na kuyapa nyota za usalama, limeyabana magari yaliyohamishia kila kitu kwenye skrini. Kampuni inayotaka alama za juu irudishe vitufe vya kushikika kwa kazi za msingi: indiketa, hazadi, waipa, honi na kitufe cha kuita msaada wa dharura. Nimefurahi. Mtu anayepekuapekua skrini akitafuta waipa huku mvua ya masika inachapa kioo anaendesha kama kipofu, na hilo halihitaji mwanasayansi wa kulithibitisha. Ila namna habari hii inavyosimuliwa imenitia shaka. Inasimuliwa kana kwamba uzembe wa dereva ni suala la macho na mikono tu: macho yakirudi barabarani na mikono ikirudi kwenye usukani, basi dereva karudi kazini. Wakati huohuo watengenezaji walewale wanaoambiwa warudishe vitufe wanatuletea, kwa mlango wa uani, msaidizi wa sauti. Volkswagen ilianza kuingiza ChatGPT kwenye magari yake mwaka 2024 ili dereva azungumze na gari badala ya kuligusa. Huku kwetu wengi hatujafika huko, gari letu bado lina skrini ya Kijapani tusiyoweza kuisoma, lakini imani ni ileile. Trafiki akikusimamisha Dar es Salaam au Nairobi, jibu liko mdomoni tayari: "Afande, sijashika simu, iko kwenye spika."

Nadhani jibu hilo ni la kweli na halina maana. Dereva anapozungumza na simu, kinachomtoka kinamtoka ubongoni, na kinamtoka vilevile simu iwe sikioni, imebanwa kwenye dashibodi, au imechomekwa ndani ya helmeti kama wafanyavyo vijana wa bodaboda. Sheria zetu na za wenzetu zimeukamata mkono kwa sababu mkono unaonekana. Kwa nia njema kabisa zimetufundisha jambo lisilo kweli, kwamba ipo namna salama ya kuendesha kikao ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa.

Tuanze na kilichopimwa. Mwaka 2001, David Strayer na William Johnston wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, waliwaketisha watu mbele ya mtambo wa kuigiza udereva. Kazi ilikuwa kufuata shabaha inayosogea, na taa nyekundu ikiwaka ghafla kukanyaga breki upesi. Waliokuwa wakizungumza kwa simu walizikosa taa hizo mara mbili zaidi ya pale walipokuwa kimya, na hata walizoziona walichelewa kuzijibu. Walipolinganisha simu ya kushika na isiyoshikwa hawakupata tofauti. Waliosikiliza redio au kitabu kinachosomwa hawakuharibikiwa hivyo. Mkono, yaani, ulikuwa umeshatolewa kwenye kesi tangu miaka 25 iliyopita, na sauti peke yake pia haikukutwa na hatia. Kilichobaki kizimbani ni mazungumzo: kumsikiliza mtu, kumwelewa, na kutunga cha kumjibu.

Strayer na wenzake waliendelea, na jaribio lililonikaa zaidi ni lile la macho. Waliwavalisha madereva kifaa kinachofuatilia mboni inaangalia wapi, wakawapitisha kwenye mtaa wa kuigiza wenye vitu na mabango kandokando. Baadaye waliwauliza umeona nini. Waliokuwa kwenye simu walishindwa kuvitambua vitu ambavyo kifaa kilithibitisha kwamba macho yao yaliviangalia moja kwa moja. Picha ilifika kwenye jicho, ikaishia mlangoni. Katika utafiti mwingine walipima umeme wa ubongo. Taa ya breki ya gari la mbele inapowaka, ubongo wa dereva makini hutoa wimbi linalofika kilele baada ya kama milisekunde 300, dalili kwamba jambo limetambuliwa na linashughulikiwa. Kwa dereva aliyekuwa anaongea na simu isiyoshikwa, wimbi hilo lilipungua kwa nusu. Huyu mtu anatazama mbele, mikono iko saa nne na saa nane, mkanda kafunga. Ukimpiga picha ni dereva wa mfano. Na taa ya breki iliyo mbele yake haijamfika sawasawa.

Ndani ya ubongo wenyewe mambo yanakwendaje? Mwaka 2008 Marcel Just na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon waliwalaza watu 29 ndani ya mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ubongo, wakiendesha gari la kuigiza kwenye barabara yenye kona. Hawakuambiwa waongee. Walisomewa sentensi tu, waamue kama ni kweli au si kweli. Shughuli katika eneo la parieta, lile la juu kuelekea kisogoni linalopima nafasi na umbali wa vitu, ilishuka kwa asilimia 37, na gari likaanza kuyumba nje ya njia yake. Hapa linganisha na redio ya Utah: kusikiliza kwa sikio moja kulikuwa na unafuu, lakini ukiwajibishwa kuelewa na kuamua, bili inakuja. Miaka mitano baadaye Tom Schweizer na timu yake wa Hospitali ya St. Michael's, Toronto, waliingiza usukani na pedali halisi ndani ya mashine ya namna hiyohiyo, wakawapa vijana 16 kazi za barabarani kuanzia nyepesi hadi nzito. Nzito kuliko zote ilikuwa kukata kushoto kwenye makutano yenye magari yanayokuja. Walipoulizwa maswali ya sauti wakiwa kwenye kona hiyo, damu na nguvu zilihama kutoka maeneo ya nyuma ya ubongo, yanayoshughulika na kuona na kuongoza mwili, zikaenda mbele, nyuma ya paji la uso, kunakofanyika kazi ya kufikiri na kuamua. Ubongo haukuongeza kazi ya pili juu ya ya kwanza. Ulimwibia wa kwanza ukamlipa wa pili.

Kanada wanaendesha kulia, kwa hiyo kushoto kwao ndiko kulia kwetu sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda. Msomaji wa Bujumbura, Kigali au Kinshasa abaki na kushoto kwake. Kila anayeendesha anaijua kona hiyo. Unataka kukata kulia kwenye barabara kuu, hakuna taa wala trafiki. Unalipima lori linalokuja, unaipima bajaji iliyo nyuma ya lori, unamtafuta bodaboda ambaye hujamwona bado lakini unajua yupo, unatupa jicho kwenye kivuko upande unaoingilia, na nyuma yako daladala inakupigia honi. Hesabu yote hiyo ni ya nafasi, umbali na mwendo, kazi ya maeneo yaleyale yanayopungukiwa mtu akianza kukuuliza kwenye spika ile hela umeituma au bado.

Kuna pungufu nyingine ambayo kwa barabara zetu naiona mbaya zaidi. Watafiti wa Kanada wakiongozwa na Joanne Harbluk waliwatoa madereva 21 barabarani kweli, si kwenye mtambo, wakawapa hesabu za kichwani kupitia simu isiyoshikwa. Hesabu zilivyozidi ugumu, macho yao yaliganda katikati. Waliacha kutazama pembeni, wakavitazama vioo na dashibodi mara chache zaidi, na breki za ghafla zikaongezeka. Dereva wa namna hiyo kwenye barabara kuu ya Ulaya, yenye uzio na njia pana, huenda akaponea hapo. Kwetu hatari haiji kutoka katikati. Inakuja kwenye saiti mira: pikipiki inayopenya kati ya mistari miwili ya foleni, mama mwenye ndoo anayesubiri nafasi kwenye ukingo, mwanafunzi aliyeshuka upande usio wake. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo milioni 1.19 vya barabarani kwa mwaka, na zaidi ya nusu ni vya watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na wa pikipiki. Hao ni watu wa pembeni. Ubongo uliozidiwa unaanza kuwakata hao.

Nitoe ushahidi mmoja wangu, halafu niache. Jioni moja niliendesha kutoka Mwenge kwenda Tegeta, hapa Dar es Salaam, nikiongea na dada yangu aliyeko Mwanza. Shangazi yetu alikuwa amefariki, tulikuwa tunagawana michango: nani atoe ngapi, nani hajajibu kwenye kundi, jeneza, basi la kusafirisha watu, nani ampigie baba mdogo ambaye hawaelewani na familia. Simu ilikuwa kwenye spika, mikono yote miwili kwenye usukani. Nilipokata, nilikuwa Afrikana. Sikumbuki Lugalo. Sikumbuki Tangi Bovu. Namkumbuka baba mdogo na laki mbili zake, nazikumbuka mpaka leo, lakini kile kipande cha barabara chenye vivuko na watu wanaoshuka kwenye daladala sina hata picha moja ya kuitolea ushahidi. Gari halikuwa na mkwaruzo. Ningeulizwa kama nimeendesha vizuri ningejibu ndiyo, na ningekuwa mkweli kwa kadiri ya ninavyojua. Tabu iko hapo: kifaa ambacho ningekitumia kugundua kwamba sikuona ndicho kilekile kilichokuwa na kazi nyingine.

Sasa wenye hoja ya upande wa pili, maana wapo na si wajinga. Wanaanza na swali zuri: kama simu inaua umakini kiasi hicho, mbona ajali hazikupanda sambamba na simu? Ushahidi wa ajali halisi upo pande zote. Mwaka 1997 Donald Redelmeier na Robert Tibshirani walichambua madereva 699 wa Toronto waliopata ajali, wakilinganisha na rekodi za simu zao, wakakuta hatari inaongezeka mara nne wakati wa simu, na simu isiyoshikwa haikuleta nafuu. Mwaka 2005 utafiti wa Perth, Australia, kwa madereva 456 waliofikishwa hospitali, ulipata mara nne hiyohiyo. Lakini wachumi Saurabh Bhargava na Vikram Pathania walitumia ujanja mmoja mzuri: Marekani ya mwaka 2005 vifurushi vingi vya simu vilikuwa bure kuanzia saa tatu usiku, na kweli kwenye barabara za California simu ziliongezeka mara tu saa hiyo ilipogonga. Ajali hazikuongezeka. Na tafiti za kufunga kamera ndani ya magari ya watu wa kawaida kwa miezi, hasa zile za Virginia Tech, zimekuwa zikionyesha kwamba kuondoa macho barabarani, kutafuta namba na kuandika ujumbe kunaongeza hatari sana, ilhali kuzungumza kwenye simu isiyoshikwa hakuonyeshi ongezeko la wazi. Kuna hata wanaosema dereva wa lori usiku wa manane akizungumza na mtu anakaa macho.

Sitazipuuza hoja hizo. Ndizo zilizonifanya nisiseme kwamba kila anayepokea simu ni muuaji. Ila zinathibitisha nini? Kwanza, dereva hujipunguzia mwenyewe. Anayezungumza huwa anapunguza mwendo, anaacha nafasi mbele, hachomekei. Analipa deni kwa njia nyingine, na siku nyingi deni linalipika, kwa sababu siku nyingi hakuna kinachotokea. Wimbi la ubongo likishuka kwa nusu na gari la mbele lisifunge breki, hakuna ajali ya kuhesabiwa. Pili, kamera ya ndani ya gari inaona mdomo ukicheza, haioni mdomo unacheza kwa jambo gani. "Shikamoo mama, nimefika Kimara, niwekee chakula" ni simu. Meneja anayekuuliza mzigo uko wapi na kwa nini mpaka sasa hujavuka Mikumi ni simu. Mke anayekuambia mtoto kazidiwa ni simu. Ukizikusanya zote kwenye kapu moja ukapata wastani usiotisha, wastani huo unaundwa na salamu. Na tatu, barabara ambazo kamera hizo zimefungwa ni za Marekani, kwenye njia pana zenye alama, ambako kujipunguzia kidogo kunatosha. Kwa mtu aliyefungiwa kwenye foleni ya barabara ya Mandela, Dar es Salaam, kati ya kontena na pikipiki tatu, akiba ya kujilipia deni ni ndogo. Kwa hiyo nakubali kwamba hatari ya simu isiyoshikwa haina kipimo kimoja. Inapanda na kushuka kwa uzito wa maneno na ugumu wa kona. Hilo linaitia sheria ya mkono aibu zaidi, kwa sababu mkono hauhusiani na chochote kati ya hivyo viwili.

Hapa niseme kidogo kuhusu ule mlinganisho unaopendwa kwenye semina za usalama, kwamba simu ni sawa na pombe. Unatokana na jaribio la Utah la mwaka 2006 lililowalinganisha watu 40 wakiwa wamekunywa hadi pombe kwenye damu ifike asilimia 0.08, na wakiwa kwenye simu. Watatu waligonga gari la mbele wakiwa kwenye simu, hakuna aliyegonga akiwa amelewa. Lakini jaribio lenyewe lilionyesha namna mbili tofauti za kuharibika: wa simu alikuwa mzito wa breki na mlegevu, wa pombe alikuwa mkali na akikaribia mno gari la mbele. Tena simu unaweza kuikata. Pombe ikishapanda huwezi. Anayetumia mlinganisho huu kumtisha dereva anampa nafasi ya kujitetea kwamba yeye hapepesuki.

Hoja inayosikika zaidi vijiweni ni ya abiria. Kama kuongea ni hatari, mbona tunaongea na waliokaa ndani ya gari? Imejibiwa. Mwaka 2008 Frank Drews na wenzake, hukohuko Utah, waliwapa madereva kazi ya kuendesha kwenye barabara kuu kisha kuchepuka kwenye eneo la mapumziko, wakiwa wanapiga soga na rafiki. Rafiki akiwa kwenye siti ya pembeni, karibu asilimia 88 walitoka mahali palipotakiwa. Rafiki akiwa kwenye simu, nusu walipitiliza. Wa pembeni anaona unachokiona. Kona ikija ananyamaza bila kuombwa, lori likija anakatiza hadithi na kusema angalia huyo. Sisi tuna ushahidi wa zamani kuliko huo. Keti siti ya mbele ya daladala linapotoka kituoni uisikie kazi ya konda: kichwa nje ya mlango, kiganja kinapiga bati, "Twende, twende... hapo, hapo, mwache huyo wa pikipiki... haya, ingia." Dereva hageuki hata kidogo. Ana jicho la tatu lililoajiriwa. Taniboi wa lori naye, kwenye kurudi nyuma bohari, kila neno analotamka ni kipimo cha umbali. Maneno hayo hayaushindi ubongo wa dereva kwa sababu yanafanya kazi ileile ambayo ubongo wake tayari unaifanya. Wa kwenye simu hana habari kama uko kwenye foleni au kwenye mteremko wa Kitonga, na ukinyamaza sekunde tatu anakuuliza: "Halo? Upo?"

Dhaifu kuliko zote ni ile ya "mimi nimezoea." Ndiyo ninayokutana nayo zaidi, kwa watu wazima wenye leseni ya miaka 20, na inasemwa kwa fahari ya fundi. Mazoezi yameshapimwa. Joel Cooper na Strayer waliwarudisha watu kwenye mtambo siku baada ya siku, na wakawalinganisha waliozoea simu barabarani na wasiozoea. Mazoezi hayakuiondoa hasara. Jason Watson na Strayer walipowapima watu 200 mwaka 2010, walipata kundi dogo ambalo kweli halikuathirika, asilimia 2.5. Watu watano. Msomaji anaweza kuwa mmoja wao, lakini mwaka 2013 utafiti mwingine wa hapohapo uliona kwamba wanaofanya mambo mengi kwa pamoja mara nyingi zaidi, na kujiamini zaidi, ndio walioshika mkia wanapopimwa uwezo huohuo. Anayesema amezoea amezoea nini hasa? Amezoea kufika. Kile ambacho hakukiona hakimo kwenye hesabu zake, kama Tangi Bovu isivyomo kwenye zangu.

Kwa nini basi sheria zimebaki mkononi? Kwa sababu ya ushahidi. Trafiki aliyesimama juani anaona mkono uliopanda sikioni. Hawezi kuona wazo. Kenya, kwa kanuni za makosa madogo za mwaka 2016, anayetumia simu gari likiwa kwenye mwendo hutozwa shilingi 2,000. Uingereza ilipiga marufuku simu ya kushika mwaka 2003, na Machi 2022 ikakaza zaidi hadi kuchagua wimbo au kupiga picha ukiwa umeishika ni kosa, faini pauni 200 na alama sita kwenye leseni. Simu isiyoshikwa imebaki halali. Kamati ya Usafiri ya Bunge lao iliona tatizo hili mwaka 2019, ikaonya kwamba sheria inawapa watu picha potofu kuwa isiyoshikwa ni salama. Serikali haikuridhia kuipiga marufuku. Marekani nako, Desemba 2011, bodi ya taifa ya kuchunguza ajali za usafiri ilipendekeza majimbo yote yapige marufuku simu kwa dereva, pamoja na zisizoshikwa. Hakuna jimbo lililoifuata hadi huko.

Na mimi siombi sheria hiyo. Kosa lisiloonekana likiandikwa kwenye sheria ya barabarani, kinachoongezeka ni mazungumzo marefu kando ya barabara kati ya dereva na aliyemsimamisha, na sote tunajua mazungumzo hayo huishaje. Faini ya mkono ibaki, maana kuandika ujumbe huku unaendesha ni balaa lisilo na mtetezi. Ninachotaka ni tuache kuisoma sheria hiyo kama kibali. Na kama tunatafuta mahali pa kubana, tuangalie upande wa pili wa laini. Kila simu inayompata dereva barabarani imepigwa na mtu aliyekaa.

Mtu huyo mara nyingi ni bosi. Mwenye basi anampigia dereva kuuliza abiria wangapi, mwenye lori anauliza mpaka wa Tunduma umefunguka, mteja wa teksi ya mtandaoni anapiga mara tatu kuuliza "dereva uko wapi?" ilhali ramani mkononi mwake inamwonyesha kigari kikisogea. Tunayo mifumo ya kuyafuatilia mabasi ya mikoani. LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini Tanzania, inaweza kujua basi lilikuwa mwendo gani, saa ngapi, kwenye kipande kipi. Tunaitumia kumbana dereva peke yake. Lakini rekodi ya simu nayo ipo, ina saa na dakika, na mwajiri hahitaji trafiki kuisoma. Kampuni ya mafuta ya Shell, mwaka 2009, iliweka kutotumia simu ukiendesha miongoni mwa kanuni zake za kuokoa maisha ambazo mfanyakazi au mkandarasi akizivunja angeweza kupoteza kazi. Baraza la Marekani la kuzuia ajali (National Safety Council) limekuwa likiwashauri waajiri wakataze zote mbili, ya kushika na isiyoshikwa. Mwenye mabasi matano ya Dar kwenda Mbeya anaweza kufanya hivyo kesho bila Bunge: dereva hapigiwi akiwa kwenye mwendo, anapigiwa konda. Kama ni dharura, konda amwambie dereva asimame kwanza, aegeshe, ndipo aambiwe.

Kuegesha kwenyewe kuna somo. Utafiti wa Utah kwa AAA, taasisi ya Marekani ya usalama barabarani, mwaka 2015 ulipima madereva baada ya kumaliza kuliamuru gari kwa sauti. Kwa mifumo mibaya zaidi, umakini ulichukua hadi sekunde 27 kurudi mahali pake baada ya maneno kwisha. Kwa mwendo wa jaribio, kama kilomita 40 kwa saa, hizo ni mita 300. Kwa 80 ni mita 600, umbali unaoweza kukutoa kituo kimoja cha daladala hadi kingine. Dereva keshakata simu, trafiki hana cha kumkamatia, naye bado hajafika kwenye gari lake. Wale wanaotuma ujumbe wa sauti wa dakika nne wenye maagizo saba, wakisema utausikiliza njiani, wanamkatia mtu kipande hicho kila mara anapofikia mwisho na kuanza kupanga ajibu nini.

Dada yangu hajasoma hata moja ya tafiti hizi. Nilimwambia tu kwamba jioni ile sikuiona Tangi Bovu, akanyamaza, kisha akaniuliza kama kulikuwa na watoto wa shule saa hiyo. Siku hizi akipiga haanzi na salamu. Anauliza "Unaendesha?" na nikisema ndiyo anakata hapohapo, hata shikamoo yangu haiisubiri. Nampa nikifika.